Mnyoo Mwenye Jina la Daktari

Jua lilikuwa linazama Daktari aliporudi kazini kuchukua kichupa. Kichupa chenyewe hakizidi kidole gumba. Ndani yake mna spiriti, na ndani ya spiriti mna mnyoo wa baharini, mdogo kama kope. Kesho asubuhi mkuu wa taasisi angempiga Daktari picha amekishika, na Daktari alitaka kulala nacho nyumbani, akizoee mkononi mbele ya kioo. Ndiyo, mtu mzima wa miaka hamsini na nne.

Maana leo saa sita mchana jarida lilikuwa limetoka. Mnyoo ambaye dunia haikuwahi kumjua sasa alikuwa na jina rasmi, na jina hilo lilikuwa la Daktari.

Tuseme ukweli kuhusu mtu huyu, kwa sababu yeye mwenyewe hatausema. Alikuwa ametumia miaka ishirini na mitatu ameinamia hadubini, akihesabu pingili za minyoo, na muda wote huo aliwaona binadamu wenzake si kitu. Alimpita mlinzi wa getini asubuhi na jioni bila salamu. Alimjibu mkewe kwa mguno. Spishi arobaini alizipa majina, na kila alipotaka kumtukana mtu kisomi alimtafutia mnyoo mbaya kuliko wote akampa jina la mtu huyo. Mkuu wa idara aliyestaafu alipewa mnyoo anayeishi kwenye matumbo ya samaki. Yule mzee alishukuru mpaka machozi, akaweka ukurasa kwenye fremu sebuleni. Hakuna aliyedhurika, maana wale walikuwa minyoo tu.

Lakini mwenyewe hakuwa na hata mmoja. Katika kazi yao hakuna anayekukataza kujipa jina lako, ila ukifanya hivyo utachekwa mpaka uzikwe. Ni lazima mwenzako akupe. Na mwenzake yupi angempa? Akapata njia. Aliandika makala yote kwa mkono wake, akajimwagia sifa ukurasa mzima, kisha mahali pa jina la mwandishi akaweka la dada wa maabara, ambaye kazi yake ilikuwa kuchuja matope, kuosha vichupa na kuchora minyoo kwa penseli.

Hapo ndipo alipogundua kwamba halijui jina lake.

"Wewe dada," alisema bila kuinua macho, "hivi unaitwa nani?"

"Miaka kumi na moja, Daktari," yule dada alijibu.

"Sikukuuliza miaka."

Akamwandikia kwenye karatasi. Daktari akalinakili, akakosea, akalifuta, akalinakili tena.

Na kabla hatujaenda mbali, ujue mnyoo mwenyewe alipatikanaje. Dada wa maabara alikuwa na shangazi yake, mama wa chambo, anayechimba minyoo ya kuwauzia wavuvi maji yanapokupwa. Siku moja alimpeleka Daktari kule kwenye tope. Wanawake kama kumi walikuwa wameinama, wamesambaa, na Daktari akaona jambo la ajabu: hawakuitana. Aliyetaka kumwita mwenzake aligonga ndoo. Mmoja mara moja, mwingine mara mbili, kila mtu na mlio wake wa ndoo.

"Mbona hamtaji majina?" aliuliza.

"Juu ya tope hatutaji jina la mtu," alisema mama wa chambo. "Kuna kinachosikiliza."

Daktari alicheka mpaka miwani ikashuka puani. Kisha, ili kuwafundisha hawa wachimba matope maana ya elimu, akaweka viganja mdomoni akalitaja jina lake kwa sauti kubwa. Majina yote matatu, na cheo mbele. Ndoo zote zikanyamaza.

Tope likatoa povu karibu na kiatu chake.

Mama wa chambo akachimba pale pale, akainua jembe, akamwonyesha. Kitu kidogo, cheupe, kimejikunja. Baadaye walichota tope la shimo lile na kukuta wengine kumi na sita, kila mmoja namna yake, lakini hakuna aliyefanana na yule wa kwanza.

"Umemwita mwenyewe," yule mama alinong'ona. "Mpeleke, baba, sikukatazi. Lakini usimwandike jina la mtu aliye hai. Hawa walikuwepo kabla ya watu na hawana majina. Wanayatafuta."

"Ushirikina," alisema Daktari, akafuta kiatu.

Basi, jioni hiyo akafika getini, akapita kama kawaida yake, pua juu.

"Samahani, mzee," mlinzi akamwita. "Kitabu."

Daktari hakuamini masikio yake. "Unaniambia mimi?"

"Kila anayeingia au kutoka baada ya saa kumi na moja anaandika. Jina, saa, sahihi."

Akanyakua kalamu. Alikuwa ameshaanza kuinama aone mstari ulipo, akasita. Mstari wa mwisho ulikuwa na jina lake. Majina yote matatu, cheo mbele, saa kumi na moja na nusu. Sahihi ilikuwa yake, hata mkia wa mwisho aliozoea kuuvuta.

Wino ulikuwa bado umelowa.

"Nani kaandika hapa?"

"Daktari."

"Mimi ndiye Daktari!"

Mlinzi alimtazama usoni. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta neno lililo kwenye ncha ya ulimi, kisha akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, Daktari namjua. Leo kanisalimia vizuri, akaniuliza na watoto hawajambo. Katoka sasa hivi, jina lake hilo hapo. Wewe andika lako."

Angekuwa mtu wa kawaida, angepata baridi mgongoni. Lakini mtu huyu kwa kiburi chake aliona tu kwamba mlinzi amelewa. Akatupa kalamu, akapita. Mlinzi hakuona sababu ya kumkimbiza mzee wa watu.

Stoo ya sampuli ilikuwa chini, mwisho wa ngazi. Chumba kirefu chenye rafu za chuma, na kwenye rafu vichupa kwa maelfu, kila kimoja na lebo yake ndani. Lebo huandikwa kwa penseli, kwa sababu spiriti inakula wino. Mlango alioufunga mwenyewe jana ulikuwa umeegeshwa.

Akawasha taa.

Harufu ikampokea. Spiriti, hiyo aliizoea. Lakini chini ya spiriti palikuwa na nyingine... tope. Tope bichi, la maji yaliyokupwa muda huu huu.

"Nani humo?" aliita.

Tone moja la maji likaanguka mahali. Kimya. Tone jingine.

Akaifuata rafu mpaka mwisho. Kichupa kilikuwepo mahali pake, kimesimama, na spiriti yake, na lebo yake yenye jina. Akakiinua kwenye mwanga. Akakigeuza. Akakitikisa.

Mnyoo hakuwemo.

Kizibo kilikuwa kimekazwa vile vile.

Na kibao cha vichupa vingine kumi na sita, vya wale minyoo waliokuwa wakingoja majina, nacho hakikuwepo. Pale kilipokaa palibaki vumbi lenye umbo la mstatili.

Ndipo akaona sakafu. Chini ya rafu palianza unyayo wa maji, mdogo kama wa kitoto kichanga. Hatua ya pili ilikuwa kubwa kidogo. Ya tatu kubwa zaidi. Ziliendelea hivyo kuelekea mlangoni, miguu mitupu, vidole vyembamba, kila hatua ikiongezeka, na karibu na kizingiti vidole vikatoweka. Hatua nne za mwisho zilikuwa za viatu. Daktari, kwa mazoea ya kupima kila kitu, aliweka kiatu chake juu ya alama ya mwisho.

Kikaenea sawasawa.

Alipanda ngazi mbili mbili, yule bwana asiyewahi kukimbia mbele ya watu. Juu, taa ya maabara ilikuwa inawaka. Dada wa maabara alikuwa amevaa koti, anafunga mkoba wake aende zake.

"Dada! Mnyoo hayumo!"

Akageuka. Na yeye akamtazama vile vile alivyotazama mlinzi, lakini kwake ule utafutaji uliishia mahali. Alivuta pumzi, akaketi.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema polepole. "Nilijiuliza ni yupi. Aliyetoka sasa hivi amenishukuru kwa kazi yangu. Nikasema, huyu si Daktari."

"Nani ametoka?"

"Mwenye jina."

"Mwenye jina ni mimi! Nilizaliwa nalo!"

"Ulinifundisha mwenyewe," alisema yule dada. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuudhi Daktari kuliko yote. "Jina moja, kiumbe kimoja. Viumbe viwili vikigongana kwenye jina, aliyetangulia anabaki nalo, wa baadaye analiachia. Wewe ulizaliwa lini? Na yeye alikuwepo tangu lini?"

"Hizo ni kanuni za minyoo, si za watu!"

"Ndiyo. Na wewe ulijiingiza humo. Mimi nilikwambia tafuta jina jingine. Shangazi alikwambia, mimi nikiwa nimeshika ndoo. Ukasema nini?"

Alikumbuka vizuri alichosema.

"Lifute basi," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Wewe ndiye mwandishi. Waandikie kesho, sema tulikosea."

"Jina likishachapishwa halifutiki, hata mwandishi akilia. Unajua kuliko mimi."

"Basi niite. Niite tu jina langu, nisikie."

Tumpe haki yake yule dada: alijaribu. Midomo yake ilijikusanya kutaka kutamka, ikakaa hivyo, ikalegea. Macho yakamtoka.

"Nilikuwa nalo sasa hivi," alinong'ona. Akaokota mkoba wake, akamzunguka kwa mbali, mgongo ukisugua ukuta. Mlangoni akasimama. "Sampuli isiyo na lebo huwa unaniambia niifanye nini?"

Hakungoja jibu. Wote wawili walijua kwamba hutupwa.

Daktari alibaki na simu yake mkononi. Akapiga nyumbani.

"Haloo, nani mwenzangu?" Mkewe. Nyuma yake kicheko, na sauti ya kisu kwenye ubao.

"Ni mimi."

"Wewe nani? Namba yako siijui."

"Mume wako!"

"Ndugu yangu, umekosea namba. Mume wangu huyu hapa, anamenya viazi."

Akakata. Miaka ishirini ya ndoa, na Daktari hakuwahi kugusa kiazi kibichi. Bado alisimama pale akiwa na uchungu, si kwa sababu kuna kitu nyumbani kwake kimekaa na mkewe, la. Ni kwa sababu mkewe alikuwa amefurahi. Ndivyo alivyokuwa mtu huyu mpaka dakika hiyo.

Kisha akamkumbuka bintiye.

Miaka kumi na saba, yuko kidato cha tatu. Katika dunia nzima ya vilaza, huyu peke yake ndiye Daktari aliyemwona ana akili, ingawa hakuwahi kumwambia. Na mtoto yule hakuwahi kumwita jina hata siku moja. Alimwita Baba. Jina lilikuwa limekwenda, sawa. Lakini Baba si jina. Baba hakuandikwa kwenye jarida lolote.

Alitembea, akakimbia, akatembea tena ameshika mbavu. Njiani majirani wawili walimpisha bila salamu, na moja kwa moja akajua inavyouma.

Taa za nyumba zilikuwa zinawaka zote. Binti alikuwa uani, upande wa pili wa geti la vyuma, anaanua nguo kambani. Alikuwa ameshika shati. Shati la Daktari.

"Mama'angu," alinong'ona kupitia vyuma. "Mama'angu, njoo."

Binti akasimama. Akasogea. Mwanga wa dirishani ulimwangukia Daktari usoni, na binti akamtazama kwa muda mrefu sana...

"Baba?"

Alishika geti kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli.

"Ndiyo, mwanangu! Ni mimi! Fungua haraka!"

"Ongea polepole. Mama atasikia."

"Yule aliye ndani si baba yako."

"Najua," alisema binti.

Daktari akaliachia geti.

"Mikono yake haikauki," binti aliendelea, akikunja shati taratibu. "Anaifuta na inalowa tena. Na hapepesi macho. Mama hajaona, au ameona."

"Sasa unangoja nini? Piga kelele! Ita majirani!"

Binti alitazama dirishani, halafu chini.

"Aliniuliza nimeshindaje. Nikamwambia. Akaniuliza, halafu ikawaje?" Akalikunja shati upya. "Nikamweleza yote, Baba. Shule, rafiki yangu tuliyegombana, yote. Kila nikinyamaza anauliza, halafu ikawaje. Wewe hujawahi."

"Mimi ni baba yako!"

"Kwani nimekataa?"

Hakusema kwa ubaya. Aliyasema hayo kwa huruma, kama unavyomwambia mgeni aliyepotea kwamba nyumba anayoitafuta ilishabomolewa. Kisha akaweka shati juu ya nguo nyingine, akaubeba mzigo, akaingia ndani. Kitasa kikalia mara moja.

Daktari aliupanda ukuta. Alichanika suruali, akaanguka uani kwa goti, akatambaa mpaka chini ya dirisha la sebule. Akainua kichwa.

Mezani palikuwa na kibao chenye vichupa kumi na sita.

Kando yake, vipande vya karatasi vimekatwa vizuri, na penseli iliyochongwa. Na nyuma ya meza amekaa yeye. Miwani yake, mvi zake, hata ile namna yake ya kuinamisha bega la kushoto. Alikuwa anacheka na mkewe. Alipocheka, mdomo haukupanuka kama wa watu. Ulifunguka mviringo, na ndani ya mviringo meno yalizunguka pande zote, madogo, mengi, kama Daktari alivyoyahesabu mwenyewe chini ya hadubini: thelathini na mawili.

Mkewe hakushtuka. Alikuwa ameona haya kwa furaha, anashika shavu.

"Mimi? Mimi nipewe mnyoo wangu? Acha utani, mume wangu!"

"Kwa heshima yako," ilisema ile sauti, laini, yenye maji. "Watu wote wema wapate. Mlinzi ameshanipa majina yake. Dada wa maabara nitamwandika kesho. Wewe nimeshakuandika."

Akaviringisha kipande cha karatasi, akakitia kwenye kichupa cha kwanza. Ndani ya spiriti kitu kidogo cheupe kilijinyoosha. Polepole sana... kikaizunguka karatasi.

Kisha akageuza uso kwa binti.

"Na wewe, mwanangu. Majina yako kamili."

"Si unayajua?" Binti alitabasamu. Lakini alikuwa ameshavuta kiti.

"Nataka nikusikie ukiyataja."

Daktari alipiga kioo kwa ngumi mbili. "Usiseme! Mwanangu, usimwambie!" Alitaka kumwita. Alifungua mdomo amwite jina, amzindue, na ndipo akagundua kwamba miaka kumi na saba alimwita mwanangu, mama'angu, wewe, njoo, nenda. Jina la pili la mtoto lilikuwa lake mwenyewe, nalo limekwenda. La tatu lilikuwa la babu. La kwanza mkewe ndiye aliyelichagua, wodini, siku ambayo yeye alikuwa kazini anahesabu pingili.

Alilitafuta. Alilitafuta kwa nguvu zake zote, paji la uso likiwa limebana kioo.

"Kuna mwendawazimu hapo nje," alisema mkewe. Akainuka, akavuta pazia.

Nyuma ya pazia penseli ilianza kukwaruza. Na sauti ya mtoto wake, yenye furaha, ikaanza kutaja majina matatu, herufi moja moja, taratibu, ili anayeandika asikosee.